Fundi wa Baridi Aliyevaa Sweta

Ukimpelekea gari, hakuinuka kwanza. Alibaki palepale kwenye ndoo aliyoigeuza kuwa kiti, mikono juu ya magoti, akakuuliza maswali matatu. Ilianza lini? Ikitembea ikoje, na ikisimama ikoje? Nani aliigusa mara ya mwisho? Usipoyajibu vizuri alikurudisha nyumbani ukafikirie, hata kama umetoka mbali na gari lako la bei mbaya. Wengi waliona ni dharau. Siku ya kwanza hata mimi niliona ni dharau, tena nikamwambia, maana mdomo wangu haujui kusubiri zamu. Baadaye nilikuja kumpenda mzee yule kuliko baadhi ya ndugu zangu wa damu, na sioni haya kuliandika hilo.

Tulimwita Fundi, basi. Tabora ina mafundi wa kila kitu, lakini ukisema "gari nimelipeleka kwa Fundi" mwezi wa kumi, wakati jua linachoma mpaka kuku wanakaa kimya, kila mtu alijua umelipeleka Gongoni, nyuma ya maduka, kwenye lile banda la mabati lenye mlango wa turubai. Hakugusa injini wala breki. Kazi yake ilikuwa hewa ya ndani ya gari: AC, feni, hita, na vile vidude vyote vilivyojificha nyuma ya dashibodi. Na mtu huyohuyo alikuwa haipendi baridi hata kidogo. Mwaka mzima alivaa sweta la kijivu lenye vifungo. Akimaliza kulipoza gari lako alitia mkono tu dirishani, mwili akauacha nje juani.

"Fundi, mbona kazi yako mwenyewe unaikimbia?" nilimwuliza mara moja.

"Kwani muuza majeneza analala humo?"

Mkono ule aliouingiza dirishani ndio uliokuwa kipimo chake kikuu. Geji za kupimia gesi alikuwa nazo, zimening'inia kwenye msumari na mipira yake myekundu na ya bluu, lakini kabla ya kuzigusa alikiweka kiganja mbele ya tundu la upepo, akafumba macho, akasoma Alhamdu moja taratibu. Baridi ikifika kabla hajamaliza, alifumbua macho akakuuliza umekuja kufanya nini. Akimaliza na baridi haijafika, ndipo alipokubali kwamba gari lina jambo. Wateja Waislamu aliwataka wasome pamoja naye, mkono wao kwenye tundu la pili. Mimi ni Mmoravian, mtoto wa kijijini Puge, nikamwambia Alhamdu siijui.

"Soma Baba Yetu," akasema. "Urefu zinakaribiana. Ila usiikimbize."

Nilimwuliza kwa nini asitumie saa kama watu wengine. Akasema saa yake ilikufa betri, na sala haina betri.

Sasa nieleze nilivyofika kwake, maana sikwenda kwa hiari. Mimi ni muuza vifaranga. Nawachukua wakiwa wa siku moja, pale mjini wanapototoleshwa kwa mashine, nawapanga kwenye maboksi yenye matundu, nawapeleka Usinge kwa kikundi cha akina mama wanaolima karibu na msitu. Kifaranga wa siku moja ni kiumbe mwenye madai kuliko bibi harusi. Asubuhi ya Julai baridi inamuua. Mchana wa Oktoba joto linamuua haraka zaidi. Kwa hiyo nilipopata gari nilitafuta lile lenye AC ya kujiendesha yenyewe, unaiandikia namba unayoitaka, ishirini na sita kwa mfano, nayo inapambana yenyewe kwa moto au kwa baridi mpaka ifike hapo. Siku nilipolileta nyumbani nililizunguka mara tatu nikicheka peke yangu. Mtaji wangu wote ulikuwa umeegeshwa pale mlangoni.

Wiki chache baadaye likaanza kunitesa. Naondoka vizuri, baridi nzuri, halafu taratibu AC inalegea kama mtu aliyesinzia, inapuliza hewa ya uvuguvugu, na namba kwenye kioo bado inasema ishirini na sita. Safari moja nilifika Usinge, nikafungua boksi la juu mbele ya akina mama wote, nikakuta vifaranga wamelala ubavu, shingo zimenyooka. Boksi zima. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima asiyepandisha sauti, alilifunika boksi kwa khanga yake ili watoto wasione.

"Safari hii tumekuelewa," aliniambia. "Ya pili, mwanangu, tutatafuta mtu mwingine."

Nilirudi Tabora nalia na kuendesha, jambo ambalo simshauri mtu. Gereji ya kwanza niliyoingia, ambayo siitaji, fundi wake alifungua boneti, akaifunga, akasema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, imekufa, ninunue nyingine. Dakika moja haikufika. Bei aliyoitaja ilikuwa ya kuuza gari ili kutengeneza gari. Dereva mmoja wa teksi aliyenisikia nikibishana ndiye aliyeninong'oneza niende Gongoni kwanza.

Basi nikafika, nimevimba kwa hasira, nikasema, "Shikamoo. Nataka bei ya kompresa."

"Marahaba. Ilianza lini?"

"Nimeshaambiwa ni kompresa, mzee wangu. Nataka bei."

"Ilianza lini?"

Nikamjibu vibaya, akaniambia niende nyumbani nikafikirie. Sikwenda. Nilikaa ndani ya gari palepale mbele ya banda lake, milango wazi, nikanuna. Na kweli, wakati nimenuna, nikafikiri. Nikatoka nikamwambia ilianza baada ya kutoka Puge kumsalimia mama. Ikiwa inatembea au imesimama ni yaleyale: inaanza vizuri, halafu inajilegeza. Aliyeigusa mara ya mwisho hakuna.

Ndipo akainuka. Akaja polepole, akatia mkono dirishani, hakugusa boneti wala geji. Akaniambia nishushe ile namba mpaka mwisho, chini kabisa, pale ambapo AC haiulizwi tena inataka nini bali inaamriwa itoe baridi yote iliyo nayo. Nikashusha. Akafumba macho, akaanza Alhamdu. Hakufika katikati. Upepo ulitoka pale wa barafu, nakuambia, mpaka nywele za mkononi zikanisimama! Nikapiga kelele. Yeye akautoa mkono haraka, akaurudisha kwenye mfuko wa sweta.

"Kompresa yako inakusalimia," akasema. "Mwenye kazi yuko hai. Anayempa habari ndiye muongo."

Alinieleza, na nikamwelewa, kwamba gari la namna ile lina kijidude cha kupima joto la ndani, kimejificha nyuma ya tundu dogo lenye wavu karibu na goti la dereva. Kinavuta hewa kidogo, kinasema kuna joto au kuna baridi, na AC inakiamini kama mtoto anavyomwamini mama yake. Akaniuliza tundu hilo liko wapi kwenye gari langu. Nikalitafuta, sikuliona. Sikuliona kwa sababu lilikuwa limefunikwa na kitambaa cha mama.

Hapa inabidi nimseme mama yangu kidogo. Pale Puge hakuna kitu kisichovaa kitambaa cha kufuma kwa mkono. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kofia, mtungi una kofia. Niliponunua gari alilizunguka, akaguna, akasema liko uchi. Akanifumia kitambaa cheupe chenye ukingo wa waridi, kikubwa, kinachotanda dashibodi nzima na kuning'inia mbele mpaka kwenye magoti. Nilikitandika kwa fahari, na kila niliyempakia alikisifia. Kumbe kilikuwa kimeshuka mpaka juu ya lile tundu dogo, na baridi yote inayotoka kwenye matundu ya upepo ikanaswa nyuma yake kama ndani ya hema. Kile kijidude kikawa kinakaa kwenye baridi peke yake. Kinasema, jamani, tumeshapoa, acheni. AC inaacha. Huku nyuma vifaranga wangu wanakufa kwa joto.

Fundi alikiinua kitambaa kwa vidole viwili, akakikunja vizuri kwa heshima, akanipa. Halafu akachukua brashi ya rangi, mpya, laini, akasafisha lile tundu. Manyoya ya vifaranga yalitoka humo, ya njano, mengi ya kujaza kizibo.

"Kazi nzuri ya mikono," alisema akiangalia ule ukingo wa waridi. "Mwambie mama yako asilivike gari kwenye pua."

Sikumwambia mama. Mpaka leo anaamini kitambaa nimekihifadhi kisichafuke. Nilimwachia Fundi, naye akakitandika juu ya redio mbovu alizokuwa anazikusanya, na alinitoza hela ya soda. Niliondoka pale naimba, na Jumamosi iliyofuata vifaranga wote walifika Usinge wakipiga kelele, mpaka yule mwenyekiti akanisalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mama," kwa sauti iliyonijulisha kwamba nimesamehewa.

Tangu hapo nilianza kwenda kwake hata kama gari ni zima. Nilikuwa nampelekea magari ya watu. Shemeji wa jirani, mwalimu wa kwaya, mnunuzi wa asali kutoka Kaliua, wote niliwavuta kwa mkono. Nilikaa kwenye ndoo ya pili nikamwangalia akifanya kazi, na furaha niliyoipata nikiangalia sijui niifananishe na nini. Gari linaingia likiwa fumbo, mwenye gari amekunja uso, ameshaambiwa bei ya kumtoa roho, halafu mzee anaanza kufungua mafundo moja moja kuanzia yale ya bure.

Ya bure ndiyo yalikuwa kwanza, siku zote. Alianza na macho na masikio. Chujio la hewa ndani, nyuma ya kisanduku cha dashibodi, limejaa vumbi? Hilo unalichomoa kwa mkono tu. Rejeta ya AC kule mbele imezibwa na majani au mfuko wa nailoni? Hiyo unaiosha kwa maji ya kumwaga taratibu. Feni inazunguka? Fyuzi nzima? Kompresa ukiiwasha inasema "ta!"? Aliwalazimisha wateja wazime redio, wanyamaze, wasikilize ile "ta!" pamoja naye. Wapo waliokuwa na gari miaka na hawajawahi kuisikia, na walipoisikia walifurahi kama watoto.

Baada ya hapo ilikuja kanuni aliyoipenda kuliko zote: azima kabla hujanunua. Akishuku kifaa, hakukutuma dukani. Alitafuta kifaa kama hicho mahali pengine kwenye gari lilelile, au kwenye gari la jirani, akakiweka kwa dakika mbili aone. Kazi ikikubali, ndipo ununue. Isipokubali, unakirudisha na hujapoteza kitu. Nusu ya madereva wa teksi wa Gongoni waliwahi kuazimwa fyuzi wakiwa wamesinzia.

Na gesi! Ukitaka kumwona Fundi amechafuka, mwambie "niongezee gesi tu." Alikuja bwana mmoja na gari kubwa jeupe, mnunuzi wa tumbaku, akasema ameshaongezewa gesi mara tatu mwaka ule, mahali tofauti, na anataka ya nne.

"Gesi ya gari inaliwa?" Fundi akamwuliza.

"Si inaisha?"

"Mafuta yanaisha. Gesi haiishi, inatoroka. Wewe umelipia mara tatu mtu anayetoroka, hujauliza mlango uko wapi."

Akakoroga sabuni ya unga kwenye kikombe, akapakaza povu kwenye maungio ya mabomba, tukainama wote watatu, na yule bwana na suti yake. Tukasubiri. Kwenye ungio moja povu likaanza kuvimba vipovu vidogo, polepole, kimoja baada ya kingine, na yule bwana akaninyooshea kidole kwa furaha kana kwamba mimi ndiye niliyelivimbisha. Mpira wa duara uliokauka, mdogo kuliko pete. Ulibadilishwa huo, gesi ikajazwa mara moja, na mwaka uliofuata bwana yule alipita kutusalimia tu, AC yake ikiwa imewaka na vioo vimefungwa.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mgumu. Fedha za watu alizitetea kama zake, lakini zake mwenyewe alizitupa kwenye redio mbovu. Kila mwenye redio iliyokufa alijua pa kuiuza. Alizipanga ukutani, na sikumwona akitengeneza hata moja. Mkewe alisema siku redio hizo zitakapoanza kuongea zote kwa pamoja, yeye atahamia kwa wanawe. Chai aliinywa na sukari vijiko vinne, anakoroga kwa muda mrefu, na ukimwambia sukari nyingi, mzee, anaongeza cha tano makusudi. Nami nilimwambia, zaidi ya mara moja. Sasa natamani ningekificha kile kijiko.

Na kulikuwa na hili ambalo lilinichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Kila mteja mpya alimwambia, "Usimwamini fundi. Amini mkono." Lakini ole wako wewe usimwamini yeye. Mwalimu wa kwaya niliyempeleka mimi mwenyewe aliwahi kumwambia, kwa adabu zote, kwamba labda angeangalia na upande wa pili. Fundi alimrudishia ufunguo. Alimrudishia ufunguo na gari likiwa nusu limefunguliwa, akaingia ndani kunywa chai. Ilibidi niombe radhi mimi, niombe radhi na mkewe, mpaka jua likashuka ndipo akarudi kumalizia. Mkono wake ulikuwa haujawahi kukosea, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Banda lilifungwa polepole. Kwanza alikuwa haji Ijumaa, halafu haji na Alhamisi. Turubai likashushwa, ndoo zikaingizwa ndani. Nilikuwa nampitia nyumbani kwake, mtaa wa pili tu, nikienda au nikirudi Usinge. Nilimkuta barazani, sweta lilelile, amekonda.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni Oktoba iliyopita. Nilikuwa nimetoka kuchukua vifaranga, maboksi sita kiti cha nyuma, mzigo mkubwa kuliko yote niliyowahi kupeleka, maana kikundi cha Usinge kilikuwa kimeongezeka na mwenyekiti alikuwa amewahakikishia wageni kwamba mimi siangushi. Nikasema nipite nimsalimie Fundi dakika tano, gari nikaliacha linaunguruma na AC imewaka mbele ya nyumba.

Mkewe alinipokea. Akaninong'oneza kwamba sukari imemshika vibaya, miguu imekufa ganzi, juzi amekanyaga kaa la moto asijue.

"Miguu tu," Fundi akasema kutoka barazani, maana masikio yalikuwa mazima. "Mikono bado yangu. Karibu, Mama Vifaranga."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mbona kuku wako wanalia vile?"

Mimi sikuwa nimesikia. Nilikimbilia gari, nikafungua mlango, na joto likanipiga usoni. AC ilikuwa inapuliza hewa ya kawaida kabisa. Nikafungua boksi la juu: vifaranga wametawanyika kwenye kona, mabawa wameyaachia, midomo wazi, wanatweta. Ukiona midomo wazi huna muda. Machoni nikaliona lile boksi la kwanza, ile khanga.

Fundi alikuja na fimbo, akaegemea mlango. "Ilianza lini?"

"Sasa hivi!"

"Ikitembea?"

"Njiani ilikuwa baridi safi. Hapa nimesimama ndipo imekuwa joto. Na hakuna aliyeigusa."

"Basi sema wewe."

"Fundi, nakuomba, wanakufa!"

"Sema wewe, haraka."

Nikashusha namba mpaka chini kabisa. Joto bado. Kwa hiyo si kile kijidude muongo. Nikafungua boneti. Nikanyamaza, na kweli, nikaisikia: "ta!" Kompresa ipo. Nikaangalia mbele, na feni ya AC ilikuwa imesimama tuli. Ndiyo maana! Gari likitembea, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Likisimama, hakuna wa kuifanya. Nikazima gari, nikaisukuma feni kwa kijiti, ikazunguka kwa urahisi, haijakwama. Fyuzi nikaichomoa, nzima. Kichwa kinakimbia, nakiri nilikuwa na woga na furaha kwa wakati mmoja. Ikabaki relei, kile kidude cheusi cha mraba kinachoruhusu umeme kwenda kwenye feni. Pale kwenye kisanduku ziko kadhaa zilizofanana. Azima kabla hujanunua.

"Honi!" nikapiga kelele. "Relei ya honi ni kama hii!"

"Usiniambie mimi. Liambie gari."

Nikaichomoa ya honi, nikaipachika kwenye nafasi ya feni, nikawasha. Feni ikanguruma! Niliruka, wallahi niliruka pale barabarani mimi mtu mzima, na mke wa Fundi akapiga kigelegele bila kujua tunashangilia nini.

Nikaingia kwenye usukani, tukafunga milango, tukashusha kioo kidogo tu. Fundi akauingiza mkono wake kama zamani, kiganja mbele ya tundu, akafumba macho. Nilimwangalia midomo ikitembea na Alhamdu. Alimaliza. Akasubiri. Akaanza tena, na mara ya pili akamaliza. Alipofumbua macho uso wake ulikuwa na huzuni.

"Bado joto," alisema. "Pole, mama. Si feni peke yake. Hii kompresa imechoka. Washushe vifaranga wako kivulini, uwapigie Usinge uwaambie leo basi."

 Nikanyoosha mkono kwenye ufunguo nizime gari. Na mkono ulipopita mbele ya tundu la upepo, pembeni ya mkono wake, nikausikia: baridi. Baridi kali, ya barafu, ileile ya siku ya kitambaa. Ukingo wa mkono wa sweta lake ulikuwa unapepea. Vidole vyake vilikuwa palepale ndani ya baridi, na havikuwa na habari.

Safari hii hata mdomo wangu ulijua kusubiri zamu. Nilifikiri ningeweza kushusha maboksi, nikampa heshima yake, nikapoteza Usinge. Niliufikiria ule ufunguo aliomrudishia mwalimu wa kwaya. Nyuma yangu vifaranga walikuwa wanasubiri jibu.

"Fundi," nikasema, "imefika. Imefika zamani."

Aliniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona. "Mkono wangu unasema bado."

"Wewe ndiye uliyesema nisimwamini fundi."

Nilidhani ataondoka. Aliutoa mkono dirishani, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena, akavikunja vidole na kuvikunjua kimoja kimoja. Mkewe alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Halafu Fundi akaurudisha mkono ndani, lakini safari hii hakuuweka mbele ya tundu. Aliushika wangu kwenye kifundo, akauvuta mpaka pale kiganja chake kilipokuwa.

"Basi weka wako," akasema. "Soma yako. Kwa sauti, nikusikie. Usiikimbize."

Nikafumba macho. Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe. Baridi ilikuwa inapanda kwenye vidole. Ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni. Imepita kiganja, imefika kwenye kifundo alichokishika. Utupe leo riziki yetu. Hapo nikanyamaza, kwa sababu mkono mzima ulikuwa umeganda na kule nyuma kelele za kutweta zilikuwa zimepungua, na machozi yalikuwa yananitoka.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Kwenye riziki."

"Na baridi?"

"Imefika, Fundi. Imefika kabisa."

Alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayekabidhiwa kitu na kukihesabu. "Sasa malizia. Sala haikatwi katikati."

Nikamalizia mpaka mwisho, na kwenye amina akaitikia pamoja nami. Nikageuka nikachungulia boksi la juu: midomo imefungwa, wamejikusanya katikati, mmoja amesimama juu ya mwenzake. Nikakaa vizuri kwenye usukani. Fundi akaniambia kwamba leo sina honi, mbuzi wa Kaliua niwapigie kelele kwa mdomo, ninao wa kutosha. Halafu akarudi nyuma hatua moja, akashika kola ya sweta, akafunga kifungo cha juu.

"Haya, nenda," akasema. "Baridi hiyo itaniua."